Nani anashika mwiko? Namna ya kupanga ili ndugu mwenye ulemavu asimamie nyumba yake



Miaka michache iliyopita tulimpokea mama mmoja wa kusanyiko letu akitoka hospitali. Risasi ilikuwa imemvunja mguu wa kushoto, na waganga walilazimika kuukata chini ya goti. Siku aliporudi tuliimba na kumshukuru Mungu. Kisha wamama wa kanisa wakajipanga kwa zamu: mmoja anapika, mwingine anafua, mwingine anateka maji. Kila mwezi mashemasi walipeleka unga, maharagi na sabuni. Tulijiona tumefanya vizuri.

Baada ya miezi mitatu, mama shemasi alimkuta ameketi mlangoni, amelipa jiko mgongo. Akamwuliza, “Mama, unaendeleaje?” Akajibu, “Mama shemasi, ninawashukuru sana. Ila mumenichukulia jiko yangu. Nimekuwa mgeni ndani ya nyumba yangu.”

Kisha akaeleza jambo ambalo hatukulijua. Mume wake anafanya kazi mbali, kwenye machimbo. Shemeji zake walikuwa wamekwisha kupatana kuwagawanya watoto wake watatu kwa jamaa, kwa sababu, kama walivyosema, “nyumba ile haina mwenye kuishika.” Kikao cha jamaa kilikuwa kimewekwa baada ya miezi miwili. Na sisi, kwa kumfanyia kila kitu, tulikuwa tunawapa ushahidi wa kumhukumu.

Tunaandika haya kwa sababu tunajua kusanyiko letu si la pekee. Huku mashariki ya nchi yetu, vita, ajali za pikipiki, ugonjwa wa kisukari, ukoma na kupooza vinawafikia watu wa kila parokia. Wengi wanatibiwa vizuri, wanarudi nyumbani, halafu wanaketi. Tunataka kueleza namna ya kupanga ili ndugu kama hao warudi kuwa wenye nyumba, wala si watu wa kulishwa tu.

Kutibiwa ni kitu kimoja, kurudishiwa uwezo ni kingine

Matibabu yanafunga kidonda na kuokoa maisha. Lakini mtu hapiki kwa kidonda kilichofungwa. Anahitaji kujifunza upya kuamka, kuoga, kupika, kulea watoto, kupokea wageni na kushika mfuko wa pesa, kwa mwili alionao leo. Kazi hiyo waganga wetu wanaiita readaptasio; sisi tutasema kurudishiwa uwezo.

Wazo la kufanya kazi hiyo nyumbani na katika jamii si geni. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 juu ya afya ya msingi, Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza kazi ifanyike pale mtu anapoishi, kwa msaada wa jamaa na majirani, kwa kuwa hospitali za mijini haziwezi kumfikia kila mtu. Mwaka 2010, shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani, UNESCO na wengine walitoa mwongozo wenye sehemu tano: afya, elimu, riziki, maisha ya jamii, na mtu kuwa na sauti katika mambo yake. Angalieni kwamba afya ni sehemu moja tu kati ya tano.

Sheria nazo ziko upande huo. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa njia zinazofaa mahitaji yake. Nchi yetu ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki hizo. Kifungu cha 23 cha Mkataba kinagusa moja kwa moja habari ya mama yetu: mtoto hawezi kuondolewa kwa wazazi wake kwa sababu tu mzazi ana ulemavu. Tulipomweleza pasta wetu jambo hilo, alisema, “Basi mbele ya kikao tuna kitu cha kusema. Lakini tusiende mikono mitupu.” Ndipo tukaanza kupanga.

Hatua ya kwanza: mwulize mwenyewe

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuamua bila kuuliza. Mpango unaanza kwa swali moja: “Ni kazi gani za nyumba unazotaka zirudi mikononi mwako?” Swali hili anaulizwa mwenyewe, si mume, wala mama mkwe, wala pasta. Asiyeweza kusema anaweza kuonyesha kwa mkono, kwa kitu au kwa picha. Kiziwi aletewe mtu anayejua lugha yake ya ishara.

Akitaja kazi nyingi, achague tano, si zaidi. Kwa kila moja aseme mambo mawili, akitoa alama toka 1 hadi 10: kazi hii ina maana gani kwake, na leo anaiweza kwa kiasi gani. Zile zenye maana kubwa na uwezo mdogo ndizo zinaanza. Alama ziandikwe, kwa sababu zitatusaidia baadaye kuona kama tunasonga mbele.

Sisi tulidhani mama yetu atataja kufua, kwa kuwa ndiyo kazi tuliyoiona nzito. Yeye alitaja kwanza kuwapikia watoto chakula cha jioni, pili kushika pesa ya nyumba, tatu kwenda chooni bila kumwita mtu. Kufua hakukutaja kabisa. Alisema hilo binti yake mkubwa na jirani wanaweza, na halimwumizi moyo.

Hatua ya pili: kata kazi vipande vipande

Tukisema “hawezi kupika”, tumefunga mlango. Kupika si kazi moja. Tuliketi naye tukahesabu hatua za kupika maharagi: kuyachambua, kuyaosha, kuteka maji, kuwasha mbabula, kupandisha sufuria, kuongeza maji, kukoroga, kuteremsha sufuria, kupakua. Hatua tisa. Tulimwomba ajaribu kila moja huku tukiangalia bila kumgusa.

Akiwa ameketi alichambua, akaosha, akawasha makala, akakoroga, akapakua. Hata kuongeza maji kwa kikombe aliweza. Zilizomshinda zilikuwa tatu: kubeba bidoni ya lita 20, kupandisha sufuria iliyojaa na kuiteremsha ikiwa ya moto. Yaani tulikuwa tumemnyang’anya hatua tisa kwa sababu ya tatu.

Hatua ya tatu: njia nne za kufungua pale palipokwama

Kwa kila hatua iliyomshinda mtu kuna njia nne. Tuzijaribu zote kabla ya kukata tamaa.

Njia ya kwanza ni kuutia mwili nguvu. Hapa tunamhitaji mtaalamu wa viungo, yule tunayemwita kine, au mwuguzi wa kituo cha afya. Aliyekatwa mguu chini ya goti asiweke mto chini ya goti muda mrefu, hata kama anaona raha, maana goti hukaza likiwa limekunjwa na mguu wa bandia hauwezi kuvaliwa vizuri. Alale kifudifudi kila siku kwa muda, na aimarishe mikono kwa ajili ya magongo. Kwa miguu ya bandia, watu wa Goma wanajua Shirika la Umoja, na wa Bukavu wanajua Heri Kwetu. Kusanyiko linaweza kusaidia nauli na kumsindikiza mtu, maana mguu wa bandia hautengenezwi kwa siku moja, na unahitaji kurekebishwa.

Njia ya pili ni kubadili namna ya kufanya. Sufuria si lazima ipandishwe ikiwa imejaa. Inawekwa tupu juu ya mbabula, maji yanaongezwa kwa kikombe, na chakula kikiiva kinapakuliwa kwa upawa sufuria ikiwa palepale. Hivyo hatua mbili kati ya zile tatu zilikwisha, bila kununua kitu. Mwenye magongo hana mkono wa kubebea, basi avae aproni yenye mifuko mikubwa au abebe mfuko mgongoni.

Njia ya tatu ni kubadili chombo au mahali. Kwa mama yetu, vijana walijenga kwa matofali na udongo jukwaa dogo, mbabula ikakaa imara ndani yake isiweze kupinduka. Mdomo wa sufuria unafika chini kidogo ya kiwiko chake akiwa ameketi. Shida ilibaki kwa fufu. Mama zetu wengi wanaisonga huku wameishika sufuria kwa miguu miwili, na yeye ana mmoja. Fundi seremala alimtengenezea ubao wenye vigingi viwili vinavyoyashika masikio ya sufuria. Ubao huo unamfaa pia aliyepooza mkono mmoja. Huyo wa mkono mmoja anaweza pia kuweka kitambaa chenye maji chini ya beseni ili lisiteleze, na kupigilia misumari miwili safi kwenye ubao ili ichome kitunguu na kukishika akikata.

Mlangoni, kwa mwenye kiti cha magurudumu, mteremko mzuri unahitaji urefu mara kumi na mbili ya kimo cha ngazi: ngazi ya sentimita 20 inataka mteremko wa mita 2 na sentimita 40. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 au zaidi. Chooni, kiti cha mbao chenye tundu na mti wa kushikia ukutani vinatosha kwa wengi. Kwa asiyeona, kamba iliyofungwa toka mlango wa nyumba hadi chooni inamwongoza usiku na mchana. Kwetu Goma, ambako ua umejaa mawe ya volkano, kusawazisha njia moja tu ya kwenda chooni kunaweza kuwa zawadi kubwa kuliko gunia la unga. Na mpira wa chini ya gongo ukilika, ubadilishwe upesi, maana gongo lisilo na mpira linateleza juu ya jiwe lenye maji.

Njia ya nne ni kugawana kazi. Mama yetu bado hawezi kubeba bidoni. Vijana wawili wanamletea maji asubuhi na kuyamimina katika ndoo ndogo za lita 5. Hiyo si aibu. Hakuna nyumba ambayo mtu mmoja anafanya yote. Lakini kugawana kunakuja mwisho, baada ya njia tatu za kwanza, na mwenye nyumba ndiye anayegawa.

Kila ulemavu una hatari zake

Mpango wa mtu mmoja haufai kwa mwingine. Mwenye ukoma, au kisukari kilichoharibu mishipa ya fahamu, huenda hasikii moto mkononi au mguuni. Ashike sufuria kwa kitambaa kinene, atumie mwiko mrefu wa mti, na kila jioni aangalie mikono na miguu yake kama kuna jeraha asilolisikia. Aliyeumia uti wa mgongo asiweke kamwe sufuria ya moto juu ya mapaja. Anapoketi ajiinue mara kwa mara, angalau kila nusu saa, ili asipate vidonda vya kukalia, maana vidonda hivyo vinaweza kuua.

Asiyeona anaweza kupika vizuri sana ikiwa kila kitu kinakaa mahali pake. Chumvi ikihamishwa na mgeni mwenye nia njema, mgeni huyo ameharibu kazi ya juma zima. Kwa hiyo tukisaidia kusafisha nyumba ya asiyeona, turudishe kila chombo pale kilipokuwa. Mwenye akili inayokwenda polepole anasaidiwa na utaratibu usiobadilika na picha zilizobandikwa ukutani: kwanza osha, pili washa, tatu pika.

Na kwa wote: makala yasiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake haina harufu ya kumwonya mtu, nayo inaua. Asiyeweza kukimbia upesi ndiye wa kwanza kuwa hatarini.

Kusimamia nyumba si kupika tu

Tunarudia kwa sababu tulikosea hapa: mwenye nyumba ni yule anayeamua. Nani anajua kiasi cha franka kilichobaki? Nani anaamua kama mtoto anakwenda shule au hapana? Tumeona nyumba ambamo mwenye ulemavu anapikiwa, anafuliwa, anapendwa, lakini hana habari ya pesa ambayo mume ametuma kwa simu. Mpango wenye kufaa unaandika mambo hayo pia. Simu iwe yake, na namba ya siri iwe yake peke yake. Awe mshiriki wa AVEC kama wamama wengine, aweke hisa zake na kukopa. Kama mkutano wa AVEC unafanyikia mahali asipofika, mkutano uhame, si yeye aachwe.

Mama yetu aliomba kitu kimoja ambacho hatukukitarajia: daftari. Akaanza kuandika pesa iliyoingia, makala, unga, karo ya shule, sabuni. Daftari hilo lilikuja kusema kuliko sisi.

Andika mpango kwenye karatasi moja

Mpango usioandikwa husahauliwa. Karatasi moja inatosha, yenye safu tano: kazi anayoitaka, hatua inayokwama, tutafanya nini, nani atafanya na lini, siku ya kuangalia. Shabaha iwe kitu kinachoonekana. “Aendelee vizuri” si shabaha. “Baada ya majuma sita anapika chakula cha jioni mara nne kwa juma bila mtu mwingine kugusa sufuria”: hiyo ni shabaha. Karatasi inabaki kwake, kusanyiko linachukua nakala ikiwa amekubali.

Mpango uangaliwe baada ya majuma mawili, baada ya sita, na baada ya miezi mitatu. Uliza tena zile alama za 1 hadi 10. Kisichofanya kazi kibadilishwe bila kumlaumu mtu. Jukwaa letu la kwanza la mbabula lilikuwa juu mno, moshi ukampiga machoni. Tulilibomoa tukajenga upya.

Kwa huku kwetu tunaongeza mstari mmoja ambao vitabu vingi havina: tukikimbia, itakuwaje? Wakati watu wa Goma walipoambiwa kuhama mji baada ya Nyiragongo kulipuka mwezi wa tano 2021, na katika kila wimbi la vita, waliobaki nyuma mara nyingi ni wale ambao hakuna aliyepangwa kuwabeba. Andikeni majina mawili ya watu watakaomsaidia, njia watakayopita, na mfuko ulio tayari wenye dawa, karata ya kura na vitu vidogo vya magongo au kiti. Majina mawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa safarini.

Kazi ya kusanyiko

Wengi wetu tunajua habari ya Mefiboshethi, aliyelemaa miguu yote miwili tangu utoto kwa kuangushwa. Tunapenda kuhubiri kwamba alikula mezani pa mfalme. Mara chache tunakumbuka kwamba Daudi kwanza alimrudishia mashamba ya babu yake, na kuweka watu wa kuyalima kwa ajili yake. Chakula kilikuja pamoja na mali. Kanisa linalotoa unga bila kurudisha jiko limefanya nusu ya kazi.

Basi mashemasi waandike watu wote wenye ulemavu katika parokia yao, na wawatembelee wakiwa na swali, si gunia tu. Vijana wana nguvu za kujenga mteremko. Maseremala na waashi wana ufundi. Wamama wana hekima ya jiko, na wanaweza kuketi kando ya ndugu yao bila kumnyang’anya mwiko. Mwuguzi wa kituo cha afya aalikwe tangu siku ya kwanza, maana kuna mambo ya mwili ambayo nia njema haiwezi kuyajua. Na wenye ulemavu waliokwisha kusimamia nyumba zao ndio walimu bora kuliko sote.

Kikao cha jamaa kilifika siku yake. Pasta na mama shemasi walihudhuria, lakini hawakusema sana. Mama yetu aliwapikia jamaa wote fufu, maharagi na sombe, akawapakulia mwenyewe akiwa ameketi, kisha akafungua daftari akamsomea shemeji yake mkubwa matumizi ya majuma saba. Shemeji alinyamaza kwa muda, halafu akauliza, “Na maji, nani anakuletea?” Akamjibu, “Shemeji, vijana wa kanisa. Siku ile hawakuje, ni wewe nitaita.” Watu wakacheka. Watoto walibaki.

Si kila kitu kimekwisha. Mguu wa bandia umemchubua mara mbili, na siku za mvua hatoki nje. Bado anasikia maumivu katika mguu ambao haupo, jambo ambalo waganga wanalijua na linawapata wengi waliokatwa. Lakini ukimtembelea jioni, utamkuta mbele ya mbabula yake, na ukitaka kumsaidia atakuambia kwanza uketi.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, chagueni ndugu mmoja tu katika kusanyiko lenu. Mwendee mkiwa wawili, pamoja na karatasi moja na kalamu. Mwulizeni kazi gani ya nyumba anataka irudi mikononi mwake, kisha mnyamaze, mmwache ajibu.